Mafuta ya Avoka ya Bibiane M'Mushagalusa

Ndugu, majirani na mama wa parokia mliotembea nasi kutoka Kasha mpaka kwenye kaburi hili: nimeombwa nisome maisha ya dada yangu kwa sababu mimi, Sophie, ndiye mdogo wake wa pekee, na kwa sababu kazi yangu ni kupiga mashine, basi watu wanaamini kwamba najua na kuandika. Karatasi mlizoshika nilizipiga mwenyewe. Hakuna aliyezisoma kabla yenu, hata shemeji Cyprien, mume wake, na ninaomba radhi kwa hilo. Katika maisha haya kuna jambo moja ambalo wengi wenu mnalijua vibaya, nami sikubali dada yangu afunikwe udongo pamoja na kosa ambalo si lake.

Marehemu Bibiane M'Mushagalusa alizaliwa Kabare tarehe 9 Juni 1950, mtoto wa kwanza wa Mushagalusa na Colombe, ambao wote wawili wametutangulia. Baba alikuwa mtunza bustani wa masista. Mboga zilizopinda, ambazo hazikufaa kwa meza ya masista, zilikuja nyumbani kwetu, na hapo ndipo Bibiane alipojifunza kwamba kila majira yana chakula chake. Alikuwa mtoto mkaidi. Mama alisimulia kwamba alipokuwa na miaka sita alikula fraises za sista mkuu, yale matunda madogo mekundu, na zilizobaki akajipaka mashavuni ili awe mzuri. Alipoulizwa alikana kabisa, uso mwekundu hivyo hivyo.

Alisoma shule ya msingi Kabare, kisha mwaka 1965 akaingia shule ya ufundi wa nyumbani hapa Bukavu, akapata cheti mwaka 1968. Kwenye mtihani wa upishi sista alimuuliza mchuzi wa nyanya unachukua dakika ngapi. Akajibu, "Ma sœur, mpaka inukie." Alipewa sifuri kwa swali hilo, na mpaka mwaka huu alikuwa bado anaibishia sifuri ile.

Tarehe 8 Agosti 1970 alifunga ndoa na mwalimu Cyprien Akonkwa, wakajenga Kasha, kwenye kiwanja kidogo ambacho yeye alikigeuza shamba mpaka kwenye kizingiti cha mlango. Mungu aliwapa watoto watatu: Élodie, Alphonse na Steve.

Kazi yake wengi wenu mmeila. Mvua ikinyesha alipika majani machanga ya lengalenga na karanga. Kiangazi alianika nyanya juu ya mabati na kupika jamu ya marakuja, ambayo miaka ya mwisho hakuweza hata kuionja. Kilichobaki jikoni kilikwenda kwenye ngozi. Tango lilituliza uso uliochomwa na jua, asali na mashanza, yale maziwa yetu yaliyoganda, vililainisha mikono ya wanaolima. Lakini alijulikana hasa kwa mafuta ya avoka, yaani maparachichi. Aliziponda zile zilizoiva kupita kiasi, akazianika kwenye sinia siku tatu hadi zikawa nyeusi, akakamua kwa kitambaa, kisha akayayeyusha mafuta yale pamoja na nta ya nyuki kwenye moto mdogo. Basi. Mama wakimuuliza kama watie marashi au glycerine, alikuwa na jibu moja: "Usiongeze kitu."

Vita ya mwaka 1996, na ile iliyofuata mwaka 1998, ziliyafanya mafuta yale kuwa kitu kikubwa. Barabara ya Kamanyola ilipofungwa, mawese na sabuni havikupanda tena kutoka bondeni, nyumba zilijaa wakimbizi, na ngozi za watoto zilipasuka kama udongo wa kiangazi. Kila Jumanne, baada ya misa, Bibiane aliwafundisha mama wa huku kwetu Bagira nyuma ya kanisa, kila mmoja na kopo lake lenye jina. Hakujifanya daktari. Mtoto mwenye kidonda kibaya alimshika mkono na kumpeleka mwenyewe kwenye dispensaire akatibiwe.

Mimi pia nilikuwa mkimbizi wake. Mume wangu Ignace aliuawa njiani Novemba 1996, nami nikafika Kasha na watoto wawili na sufuria moja. Shemeji alisema tukae miezi sita. Alikuwa na haki, nyumba ni ndogo. Lakini mwaka 1999 tulikuwa bado tupo, sina kazi, na kila nikimsikia anakohoa sebuleni nilidhani sasa ananiita anifukuze.

Mwaka huo Élodie alikuwa anaolewa, Jumamosi tarehe 17 Julai. Mnajua desturi yetu: wiki ya mwisho bibi arusi hatoki, na kila asubuhi mama yake na mama wadogo wanampaka mafuta. Bibiane alitengeneza kopo moja la peke yake, la avoka nzuri kuliko zote za msimu. Mimi nikaliona kopo lile kama kitu cha kimaskini. Nilisema moyoni kwamba mafuta ya kupaka watoto wenye upele hayamtoshi binti wa mwalimu, anatakiwa ang'ae, watu wa upande wa bwana wanyamaze. Sikuwa na zawadi nyingine ya kumpa. Nikanunua sokoni krimu ya kung'arisha ngozi, nikaikoroga ndani ya kopo dada alipokuwa bustanini.

Siku ya tatu uso wa Élodie ulivimba na ngozi ikaanza kutoka. Bibiane alilipeleka kopo dirishani, akalinusa, akaniita jikoni, akafunga mlango.

"Sophie, ulitia nini mu mafuta?"

Nikachukua ufagio kana kwamba nataka kufagia.

"Niko nasikia harufu. Hii haiko avoka. Sema."

"Nilitaka tu mutoto ang'ae, yaya," nilisema, maana hivyo ndivyo tunavyomwita dada mkubwa.

Alikaa juu ya kigoda, akajifuta macho kwa kitambaa kile cha kukamulia. Nilidhani atanipiga, na ingekuwa afadhali.

"Cyprien akijua, utalala wapi na batoto?" aliniuliza. "Unyamaze. Mafuta iko yangu, na makosa itakuwa yangu."

Akaenda sebuleni, mbele ya mume wake, binti yake na wageni, akasema, "Ni mafuta yangu. Nilikosea." Shemeji aliyamwaga yaliyobaki na kumkataza asitengeneze tena kwa watu. Élodie aliolewa akiwa amefunikwa shela mpaka kidevuni, na doa la shavu la kushoto analo mpaka leo. Mama walirudisha makopo, wengine waliyaacha tu kwenye ua bila kubisha hodi. Pale kwenye bomba maman Constance alisema kwa sauti, "Alichoma mutoto wake mwenyewe, basi ya kwetu je?" Dada yangu alikuwa nyuma yake kwenye foleni. Alichota maji akarudi nyumbani.

Jumanne zile zilikwisha. Noeli mbili Élodie hakuja kusalimia. Nami nilikula kwenye meza ya dada yangu kila siku, nikanyamaza, kwa woga, hata baada ya kupata kazi ya mashine. Sina neno la kupunguza hilo.

Kisukari kiligunduliwa mwaka 1997. Dawa zilifika pale barabara ilipotaka, na mwishoni mwa mwaka 2000 alipata kidonda mguuni. Yeye aliyelainisha ngozi za mtaa mzima, yake ilikataa kufunga. Aliingia hospitali Januari, na Jumatatu tarehe 12 Machi 2001, saa nne asubuhi, aliaga dunia. Wiki moja kabla nilimwomba ruhusa ya kusema.

"Acha niende kwanza," aliniambia. "Sasa uko na kazi, batoto bamekomaa. Utasema. Lakini usiongeze kitu."

Élodie mwanangu, aliyekuchoma ni mimi, si mama yako. Hakukosea kipimo hata siku moja. Maman Constance, kopo lako liko kwenye rafu pamoja na mengine ishirini na mawili, aliyaosha yote na hakufuta jina la mtu. Shemeji, ukitaka niondoke Kasha, mizigo yangu nimeshaifunga, nami sitakulaumu.

Ameacha mume, Cyprien Akonkwa. Watoto watatu, Élodie, Alphonse na Steve. Mjukuu mmoja, ambaye alimwona mara moja tu, kwa sababu yangu. Na mdogo wake Sophie.

Pumzika kwa amani, yaya, na jina lako likiwa safi. Nimesema kama ulivyoniagiza. Sikuongeza kitu.