Kipande Ambacho Dada Fagio Hakukifyeka

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Juni 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha reli, akiwa kifungua mimba wa fundi seremala na mshona nguo. Walizaliwa wawili tu: yeye, na baada ya miaka tisa mdogo wake wa kiume, ambaye ndiye anayesoma maneno haya.

Alisoma shule ya msingi iliyopakana na kiwanda cha matofali. Enzi hizo ndipo alipopata jina la Dada Fagio. Siku moja alitumwa uzi dukani, akakawia, na mama alipomfuata alimkuta anafagia ua wa mtu asiyemjua hata kwa sura. Alipoulizwa, alijibu kwamba alishindwa kupita huku takataka zinamtazama. Jina likamganda. Mwaka 1976 alihitimu chuo cha misitu.

Tarehe 1 Februari 1977 aliajiriwa kwenye kilima chenye magofu ya mji wa kale. Wakati huo mji wenyewe ulikuwa hauonekani. Vichaka vilikuwa vimemeza kuta, ngazi za mawe na matuta ya mashamba ya zamani, na kila kiangazi moto ulipanda humo. Marehemu na kikosi chake walifyeka kwa mikono, wakaacha miti mikubwa, wakakata matawi ya chini na kuteremsha kuni kavu zote bondeni. Trekta alilikataa kabisa. Alisema halijui jiwe la ukuta na jiwe la njiani. Kufikia 1998, mtu akisimama langoni aliyaona matuta yote kumi na moja.

Aliolewa tarehe 12 Desemba 1981 na dereva wa lori la maji wa kikosi hicho hicho, mtu mpole aliyekiri kwamba alimchumbia kwa kupeleka maji mara tatu kwa siku mahali palipohitaji mara moja. Walijaliwa watoto wawili. Mumewe alitangulia mwaka 2004.

Mwaka 2009 mdogo wake alikuwa na mizinga ya nyuki kwenye kichaka kilichobaki nyuma ya ukuta wa kaskazini. Mwezi wa Juni kikosi kilipofika hapo, alimwomba dada yake asubiri hadi arine asali. Marehemu hakupenda, maana nyasi zilikuwa zimekauka mno. Mdogo mtu akamsihi, akamkumbusha kwamba hajawahi kumwomba kitu.

"Mwezi mmoja," alisema. "Ukizidi, nafyeka na mizinga yako imo humo."

Mwezi ukapita, na mwingine. Alimkumbusha mara mbili, akaahidiwa mara mbili.

Tarehe 19 Septemba moto ulitoka barabarani. Kwingine kote ulifika palipofyekwa, ukakosa cha kula, ukafa. Nyuma ya ukuta wa kaskazini ulipata njia. Mlinzi wa zamu wa magofu alikuwa amerudi huko kufungua pampu ya maji. Hakutoka.

Kwenye uchunguzi, marehemu aliulizwa ni nani aliyeamua kipande kile kiachwe.

"Mimi. Nilikiona nikakipita."

Akavuliwa uongozi, akapelekwa stoo ya vifaa hadi alipostaafu mwaka 2018. Mdogo wake alipomwambia anataka kwenda kusema ukweli, alimkatalia. "Kazi ilikuwa yangu," alimwambia. "Wewe uliomba tu." Mdogo mtu alifurahi kukatazwa.

Kuanzia Mei 2021 mapafu yalimsumbua, akalazwa mara nne. Wodini, kabla hata ya salamu kuisha, aliuliza kama nyuma ya ukuta wa kaskazini pamefyekwa mwaka huo. Aliaga dunia tarehe 8 Agosti 2023, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mikononi mwa binti yake.

Mjane wa mlinzi yuko nasi hapa leo. Kwa miaka kumi na minne alipishana na marehemu sokoni bila salamu, akiamini kwamba uzembe ulikuwa wa marehemu. Ulikuwa wa mdogo wake.

Marehemu ameacha watoto wawili, wakwe wawili, wajukuu watano, na mdogo mmoja, ambaye baada ya mazishi atabaki hapa kwa yeyote mwenye neno naye.

Mungu akupokee, dada. Umebeba yako na yangu.