Joomart Kachkynov (1949–2023), Mzee wa Baraza na Mgawaji Nyama wa Ak-Kechu

Jumatatu, tarehe 6 Novemba 2023, ofisi ya serikali ya kijiji cha Ak-Kechu ilibandika mlangoni tangazo lenye muhuri. Lilisema kwamba, kwa kuwa mahakama ya rufaa imekwisha kutoa uamuzi, kesi ya rais wa zamani imefungwa; kwamba kesi hiyo haijamtenga mkazi yeyote wa Ak-Kechu na jirani yake, ndugu yake wala mkwe wake; na kwamba wakazi wanaombwa kuendelea na umoja waliokuwa nao. Tangazo lilisomwa na kijiji kizima, kwa zamu: kwanza watu wa benchi la kulia la dukani, na walipokwisha kuondoka, watu wa benchi la kushoto. Siku sita baadaye Mzee Joomart Kachkynov alifariki dunia. Familia inaishukuru ofisi, na inaomba kueleza maisha yake kama yalivyokuwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Aprili 1949, katika zizi la kondoo la shamba la ushirika, kilomita kumi na moja juu ya kijiji, wakati wa kuzalisha kondoo. Baba yake alikuwa mchungaji, na siku hiyo walizaliwa pia wana-kondoo arobaini na mmoja, ambao ndio walioandikwa kwenye taarifa ya mwezi. Jina Joomart maana yake ni mkarimu. Mama yake alisema alimpa jina hilo kwa matumaini tu, kwa sababu mtoto akishika titi alikuwa haachii.

Alisoma shule ya Ak-Kechu hadi darasa la nane, akamaliza mwaka 1964, kisha akapelekwa Frunze, kama Bishkek ilivyoitwa wakati ule, kusomea uganga wa mifugo. Alihitimu mwaka 1968. Katika barua alizoandika nyumbani hakuna hata moja inayosifu mji. Moja inasema tramu hupiga kengele kama mbuzi kiongozi, ila hakuna kundi linaloifuata.

Alikuwa mganga wa mifugo wa shamba la ushirika tangu mwaka 1968 hadi shamba lenyewe lilipokufa mwaka 1991. Baada ya hapo alimtibia kondoo yeyote mwenye mwenyewe. Kati ya mwaka 1978 na 1989 aliteuliwa pia kuwa mzee wa baraza katika mahakama ya wilaya, aketi kando ya hakimu na kuamua naye. Watu wa wakati ule waliwaita wazee hao watikisa vichwa, kwa kuwa kazi yao ilikuwa kumkubalia hakimu, na kwa miaka kumi na moja marehemu alitikisa kichwa chake bila lawama. Alisema neno mara moja tu. Ilikuwa Machi 1989, kijana mmoja ameshtakiwa kwa kuiba farasi jike mwenye mimba, na farasi mwenyewe amefungwa uani kama kielelezo.

"Ndugu hakimu," marehemu alisema, "naomba kumwona farasi."

"Farasi yumo kwenye jalada, ndugu mzee wa baraza."

"Wa kwenye jalada ana mimba. Huyu wa uani ni dume, tena amehasiwa."

Mahakama nzima ilitoka kwenda uani. Kijana alirudi kwao kabla ya jua kuzama. Mwaka huohuo marehemu aliondolewa kwenye orodha ya wazee wa baraza kwa sababu za kiafya. Afya yake ilikuwa nzuri kwa miaka thelathini iliyofuata.

Tarehe 21 Septemba 1974 alimwoa Burulkan, aliyekuwa karani wa simu za maandishi katika posta ya kijiji. Alimposa kwa simu ya maandishi. Alisimama mbele ya dirisha lake, akamtajia maneno ya kuandika, na anwani ikawa ya Burulkan mwenyewe.

"Andika: Nakuomba uwe mke wangu. Mimi ni mtu mtaratibu na msafi."

"Maneno mengi," Burulkan alimjibu bila kuinua macho. "Toa 'mtaratibu'."

"Kwa nini?"

"Nimekwisha kuona. Toa na 'msafi', hilo nitajionea."

Walijaliwa watoto watatu: Mederbek mwaka 1976, Jypar mwaka 1979, na Ulan mwaka 1985. Ulan, kwa kuwa ndiye mdogo, alibaki nyumbani na wazazi kama desturi inavyotaka.

Wengi waliofika hapa leo walimfahamu marehemu kwa kisu chake. Kwa karibu miaka thelathini, palipokuwa na sherehe au msiba, yeye ndiye aliyegawa nyama. Kila mfupa wa kondoo una mwenyewe, kwa umri na kwa heshima. Mfupa wa nyonga humwendea mkubwa wa sahani, na mfupa wa paja humwendea anayemfuata. Watu wamesusiana miaka mingi kwa mfupa uliokosea njia. Marehemu hakukosea hata mara moja, na aliijua miaka ya watu kuliko ofisi ya vitambulisho.

Rais wa zamani alipokamatwa, kwa shtaka la kuwapa jamaa zake malisho ya umma, Ak-Kechu ilipata kazi mpya. Mederbek alikuwa msimamizi wa daraja lililojengwa wakati wa rais huyo, na daraja hilo ndilo lililomlisha yeye na watoto wake. Ulan alikuwa mfugaji, na malisho yaliyotajwa kwenye shtaka ndiko alikokuwa akipeleka kondoo wake kila kiangazi. Mmoja alisema "Rais", mwingine alisema "mshtakiwa", na kwa neno hilo moja ulijua mtu anakaa benchi gani dukani: la kulia lilikuwa la "Rais", la kushoto la "mshtakiwa". Nyumbani kwa marehemu benchi lilikuwa moja.

"Mtu katujengea daraja, leo mnamfunga pingu," Mederbek alisema siku moja kwenye chai.

"Kalijenga kwa pesa ya babake?" Ulan aliuliza.

"Unalipita kila siku na vikondoo vyako."

"Nalipita kwa sababu njia yangu kaifunga shemeji yake! Kamwulize Rais wako kondoo wangu wale nini. Zege?"

"Baba, sema wewe," Mederbek aligeuka. "Uliketi mahakamani miaka kumi na moja. Ana hatia au hana?"

"Sijasikia ushahidi," marehemu alisema.

"Televisheni nzima inausema!" Ulan alidakia.

"Televisheni haikula kiapo. Kunyweni chai."

Jibu hilo alilitoa kwa kila aliyemwuliza, kwa miaka miwili. Benchi la kulia liliamua kwamba yeye ni mtu wa benchi la kushoto anayejificha. Benchi la kushoto lilifanya uchunguzi wake na kufikia uamuzi huohuo kuhusu benchi la kulia. Hilo halikumsumbua. Kilichomsumbua ni kwamba wanawe walianza kula kwa saa tofauti.

Kwa hiyo Jumamosi ya tarehe 2 Oktoba 2021, Ulan alipofanya sherehe ya kumkata kamba miguuni mtoto wake aliyeanza kutembea, marehemu aliamuru wanawe wakae sahani moja. Watoto walishindana mbio, mshindi akaikata kamba, mtoto akapiga hatua nne na kumkalia paka. Palikuwa na kicheko. Mederbek alimmiminia mdogo wake chai. Burulkan anasema alianza kutumaini. Kisha marehemu akaja na nyama, akainama juu ya sahani ya wanawe, akaweka mfupa wa nyonga mbele ya Ulan na wa paja mbele ya Mederbek.

Watu wote waligeuka kutazama sahani ile. Mwenye duka, Kasymaly, ndiye aliyepaza sauti kwanza.

"Haya! Mzee wa baraza ametamka! Mshtakiwa ana hatia!"

"Wewe Kasymaly, meza kwanza ulichonacho mdomoni," Burulkan alimwambia.

"Baba," Mederbek alisema, "umenipa paja."

"Nimekupa?"

"Mimi paja. Ulan nyonga. Umefanya makusudi?"

Marehemu aliwatazama wote wawili kwa muda, jinsi mtu anavyotazama ng'ambo ya mto palipo na ukungu. Angeweza kusema neno moja na mambo yakaisha. Alisema, "Kuleni, nyama inapoa."

Mederbek hakula. Kabla ya theluji ya kwanza alihamia Bishkek na mkewe na watoto, akapata kazi ya kuendesha mtambo wa kuchimbia. Hakukanyaga tena nyumba ya baba yake, baba akiwa hai. Pale dukani mfupa ule ulijadiliwa majira yote ya baridi kuliko mashtaka yenyewe. Benchi la kushoto liliutaja kama hukumu. Benchi la kulia liliutaja kama hukumu iliyonunuliwa.

Mei 2022 marehemu alilazwa hospitali. Aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa sukari wa siku nyingi, na daktari aliandika kwamba jicho la kulia lilikuwa limepoteza nuru tangu mwaka mmoja nyuma au zaidi, na la kushoto lilikuwa likiona vivuli. Burulkan alimpigia simu mwanawe siku hiyohiyo.

"Hakuona, mwanangu. Hakujua nani amekaa wapi."

"Mama, cheti cha daktari siku hizi unakipata kama mkate."

"Nakuambia mimi mama yako, si cheti."

"Baba alikuwa anamwona mbweha juu ya mlima."

"Zamani hiyo."

"Basi angesema palepale. Watu wote walikuwepo. Kwa nini hakusema?"

Swali lilikuwa la haki. Ndipo Jypar alipomwomba Ulan ampigie kaka yake, amweleze alichokiona yeye mwenyewe humu nyumbani: baba akimimina chai nje ya kikombe, baba akimsalimu mwanafunzi kwa jina la mwalimu.

"Mimi sikuona kitu," Ulan alisema.

"Ulikuwa unamshika mkono kumpeleka chooni, Ulan."

"Dada, mimi sikuona kitu. Siku ile baba alikuwa anaona."

Mfupa wa nyonga ni heshima kubwa, na Ulan hakuwahi kupewa mwingine.

Marehemu aliugua mwaka mmoja na nusu. Figo zilifuata macho. Alitunzwa nyumbani na Burulkan pamoja na Ulan, aliyembeba mgongoni kila asubuhi hadi uani apate jua, na hilo lisemwe pia. Kuhusu kesi hakuuliza tena. Redio ilipotangaza uamuzi wa rufaa, aliomba izimwe ili amsikie ndama.

Siku tatu kabla ya kufariki alimwita Jypar, akamtajia maneno haya, akaagiza yasomwe leo mbele ya watu wote bila kupunguzwa:

"Siku ile sikuona. Nilisikia pumzi ya watu wawili nikaweka mifupa. Sikumhukumu rais wala mwanangu. Kila mtu nilimdai ushahidi, wangu nikauficha, kwa sababu niliona haya kusema kuwa mgawaji nyama ni kipofu. Kosa ni langu. Mederbek ndiye mkubwa."

Jypar alimwuliza kama kuna lingine.

"Wasimame mlangoni kwangu pamoja," alisema. "Wasiposemezana, basi. Kulia hakuhitaji kusemezana."

Alifariki Jumapili, tarehe 12 Novemba 2023, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sabini na minne. Hema la sufu lilisimamishwa uani siku hiyohiyo na mwili ukalazwa ndani. Wanawake wamekaa humo na Burulkan wakimwimbia maombolezo. Nje ya mlango wanasimama wana na jamaa wa kiume, viuno vimefungwa mikanda, wameegemea fimbo, wakimlilia kila mgeni anapofika: "Baba yangu, mlima wangu!" Jana mkuu wa ofisi ya kijiji alikuja kutoa pole na kusema, kwa niaba ya serikali, kwamba umati huu ni uthibitisho wa tangazo lake.

Marehemu ameacha mke, Burulkan, watoto watatu, Mederbek, Jypar na Ulan, wajukuu tisa, dada mmoja, Saadat, na wapwa wengi aliowafundisha kushika kisu kwa upande usiofaa ili wajifunze wenyewe. Imamu atakapowauliza leo alikuwa mtu wa namna gani, familia inaomba kila mmoja ajibu alichokiona.

Apumzike salama, na udongo wake uwe laini kama hariri.

Mederbek alifika jana saa tisa alasiri kutoka Bishkek. Alifunga mkanda, akapewa fimbo, na maneno ya baba yake akasomewa na Jypar faraghani kabla hayajasomwa hapa. Yeye na Ulan wamesimama mlangoni mwa hema, upande mmoja kama inavyotakiwa, na wote wawili wanalia. Kati yao pamebaki nafasi ya watu watatu, na binamu zao ishirini na sita wamebanana ukutani ili wasiijaze.