Idwal Probert na Kijiti cha Shaba

Leo, Ijumaa tarehe 29 Septemba 2006, Bwana Idwal Probert anastaafu baada ya kuitumikia stesheni ya Bwlch-y-Garn kwa miaka arobaini na moja. Alipaswa kuondoka mwaka juzi. Tumeshamuaga mara mbili, keki tumekula, na Jumatatu tukamkuta ofisini na sare yake.

Aliajiriwa mwaka 1965, reli za mabonde jirani zikiwa zinang'olewa. Yetu, iliyojengwa kushusha sufu na mawe ya kuezekea, ilinusurika. Theluji ya 1982 ilipoifunika, Idwal aliifukua kwa koleo siku nne, akiwalalamikia wenzake kwamba wanakunywa chai mno.

Njia huku milimani ni moja, kwa hiyo, ili treni mbili zisigongane, hakuna dereva anayeondoka bila kukabidhiwa kijiti cha shaba, nacho ni kimoja tu. Mwaka 1979 Idwal alikwenda nacho kwenye mazoezi ya kwaya, kikiwa mfukoni mwa koti. Treni ilisubiri dakika hamsini. Alijishtaki mwenyewe kwa ripoti ya kurasa tatu. Wengine wote walisahau kabla ya Krismasi. Yeye hajasahau, na tangu hapo hamwamini mtu na kijiti.

Nimekuwa msaidizi wake miaka tisa bila kukigusa. Akiwa likizo, anakuja kukikabidhi mwenyewe. Siku ya harusi ya binti yake alifika na ua kifuani, akampa dereva kijiti, akarudi kanisani mbio. Nilipomuuliza hadi lini, alisema, "Heulwen, kama mimi nilisahau, wewe je?"

"Mimi siimbi kwaya, Bwana Idwal."

Hakucheka.

Fomu ya kuthibitisha kwamba ninaweza kazi hii imelala kwenye droo yake miaka miwili, ikingoja sahihi. Wiki hii mkaguzi wa reli alituambia waziwazi kwamba isiposainiwa, Jumatatu treni hazitapita. Nilikasirika hadi nikashindwa kula.

Asubuhi ya leo, treni ya saa moja na dakika arobaini ikingoja, Idwal alikitoa kijiti, akakiweka mkononi mwangu, akafumba vidole vyangu juu yake. Kisha akasaini. Alifika getini, akarudi kuuliza kama nimempa dereva. Akarudi tena.

Ahsante kwa yote, Bwana Idwal, hata kwa kutuchosha. Maisha mema, na kwaya uimbe kwa raha. Treni imesharudi na kijiti kipo ukutani. Nimekitazama mara tatu tangu nianze kuandika.