Dorcas Nukon, Aliyengoja Barafu Iondoke

Bibi yetu, marehemu Dorcas Nukon, alizaliwa tarehe 19 Mei 1941 kambini, pale Mto Driftwood unapoingia Mto Porcupine, siku ile ile barafu ilipokuwa ikipasuka. Baba yake alikuwa ng'ambo ya mto na hakuweza kuvuka. Walimpigia kelele kwamba ni msichana, naye akajibu kwa kelele kwamba hasikii!

Alisoma shule ya bweni kusini, 1949 hadi 1955. Alipoambiwa achore mto wa kwao, alichora kona baada ya kona mpaka karatasi ikaisha, akaendelea juu ya dawati. Aliadhibiwa, lakini mto aliumaliza.

Alirejea Old Crow, kijiji chetu kando ya Mto Porcupine, akaishi kwa kutega panya wa maji kwa ajili ya manyoya yao na kukausha samaki, na akawafundisha watoto jina la kila kona ya mto kwa lugha yetu ya Kigwich'in. Tarehe 28 Julai 1963 aliolewa na Abel Nukon, mwendesha boti hodari wa kukwama. "Abel, fungu hilo la mchanga lilikuwepo kabla hujazaliwa," alimtania, na Babu alicheka hivyo hivyo mpaka alipofariki mwaka 2004.

Februari mwaka huu wa 2019 figo zilimlaza hospitalini Whitehorse. Daktari alimshauri abaki huko. Yeye alitaka jambo moja tu: kuiona barafu ikiondoka. Tulimrudisha kwa ndege, tukamkalisha karibu na jiko, tukimwomba Mungu amwongezee siku.

"Mbona mna wasiwasi?" alituuliza. "Mto Eagle umeshajaa, unausukuma Mto Bell, na Bell unakuja kwetu. Nyamazeni msikilize."

Tarehe 13 Mei mchana, kengele ya kanisa ikalia. Barafu! Tulitoka mbio sote bila makoti. Mapande makubwa kama nyumba yalikuwa yakipandana, watu wakipiga bunduki hewani. Ghafla mama yangu Lorna akashika kichwa: "Jamani! Tumemwacha Mama!"

Tulirudi mbio, kiti kitupu. Tukamkuta ukingoni, ameshikilia uzio, miguuni viatu vya ndani, anashangilia kutushinda sote.

Tulipomwomba radhi alishangaa. "Radhi ya nini? Mngebaki ndani na mimi, ningejua nimewalea vibaya."

Alifariki nyumbani tarehe 22 Mei, mto ukiwa wazi. Ameacha watoto wawili, Lorna na Elias, wajukuu saba na kitukuu mmoja.

Mungu ampumzishe kwa amani. Mwakani barafu ikipasuka, Bibi, tutakimbia.