Bima ya Asiye na Gari

"Faini zote nimelipa," Delphine alimwambia mzee aliyeketi naye kwenye basi la mjini Toledo, Marekani, "lakini leseni waliyonifungia hawairudishi mpaka niwe na bima. Na gari nililiuza ili nilipe hizo faini!"

Mzee akaangua kicheko. "Sasa dada, unakatia bima nini? Viatu?"

"Dereva ndiye anayekatiwa, mzee wangu, awe na gari asiwe nalo."

"Wizi mtupu! Achana nao, panda basi kama sisi."

Delphine aliutazama usukani kule mbele. "Basi hili hili nimeliendesha miaka kumi na mmoja."

Basi liliposimama, abiria walishuka wakimshukuru dereva, kama ilivyo desturi. Mzee aligeuka mlangoni, akamtazama Delphine kitini.

"Asante, dereva," akasema, akashuka.