Chemchemi ya Patsy Niliyoikausha

Asalaam alaikum ndugu zangu, na mama zangu mliokaa nyuma. Nawashukuru kwa kuniita mbele.

Nyinyi wa chama hiki cha mtaa wetu wa Badjanani mnakumbuka mwaka jana ulivyokuwa. Wahandisi walishaondoka na Wafaransa, serikali mpya ikawarudisha makarani nyumbani, na vijana tukaambiwa nchi ni yetu. Watu wa Patsy, kijiji cha kisiwa jirani, kule juu ya mji wa Mutsamudu, wakaomba msaada wa maji. Mkanituma mimi. Ujenzi nilikuwa nimejifunza mwenyewe, kwenye kitabu kimoja cha Kifaransa kisicho na jalada. Hilo sikuwaambia.

Sasa sikilizeni kosa la Mngazija. Hapa kisiwani kwetu hakuna mto. Mvua ikinyesha inazama kwenye mawe ya volkano, ndiyo maana kila nyumba ina birika la kukingia maji. Kichwani mwangu, maji ni birika. Nikafika Patsy, penye chemchemi inayotiririka mwaka mzima, nikawajengea birika.

Walinipokea kwa heshima, wakaniita fundi. Mnajua kwetu fundi ni nani: ni mwalimu, yule aliyekusomesha Kurani, na humkosoi mbele ya watu. Nililipenda jina hilo, nikalivaa.

Birika lilikuwa zuri, wallahi. Kingo nilizipima kwa uzi mara nne. Ukuta mmoja niliubomoa kwa ufa mwembamba kama unywele. Na sikutaka hata jani moja lidondoke ndani. Kando yake, juu ya chemchemi, palikuwa na miti mikubwa tisa. Nikaagiza ikatwe. Wanaume walitazamana, kisha wakachukua mashoka.

Nilirudi Patsy kiangazi, kifua mbele. Nilipokuwa napanda kutoka Mutsamudu niliwapita wanawake wa Patsy, wanapanda na ndoo kichwani. Nikadhani wametoka sokoni.

Kwenye chemchemi nilikuta tope na alama za kwato za mbuzi. Maji yalitoka kwenye jiwe tone moja, yakakaa, likatoka jingine. Birika langu lilikuwa kavu, jeupe, halina hata jani.

Ndugu zangu, nawaambia, niliona lakini sikuelewa ninachokiona. Kisha nikainua macho, nikaona vile visiki tisa, nikaelewa. Mama aliyekuwa akinipikia siku za ujenzi alikuwa amechuchumaa pale, anakinga matone kwa kata. Nikamuuliza kama walijua kwamba ile miti ndiyo iliyotunza maji. Akajibu kuwa hata watoto wanajua.

"Mbona hamkuniambia, mama?"

"Ungekuwa mwanangu ningekuambia, tena kwa kofi. Lakini wewe ni fundi."

Nikamwomba asiniite hivyo tena. Akanielekeza kwa kidevu.

"Haya, mwanangu. Ndoo ile pale."

Kiangazi chote nilibeba maji pamoja na wanawake wale, kutoka mtoni kule mjini hadi Patsy. Wanaume walinicheka, wakasema Mngazija hatimaye amejua mto ulipo. Na njiani, shingo ikiuma, ndipo kwa mara ya kwanza niliuliza walikuwa wanataka nini tangu mwanzo. Walitaka bomba tu, la kushusha maji ya chemchemi mpaka kijijini. Kila mtu alikuwa na jibu hilo tayari. Hakuna aliyeulizwa.

Tulipopanda miti upya, miche waliichagua wao, uzio wa kuzuia mbuzi waliujenga wao. Mimi nilichimba mashimo walipoonyesha. Mvua ziliporudi, maji nayo yalirudi, ila si kama zamani. Ni nusu, labda chini ya nusu, na miti inahitaji miaka. Siwezi kuwadanganya ili habari iishe vizuri.

Nawashukuru nyinyi ambao hamkunifukuza nilipoleta barua ya kukiri. Nawashukuru watu wa Patsy, walionipa ndoo wakati wangeweza kunipa mawe. Nilichojifunza ni kidogo: kabla ya kupima kwa uzi, uliza, na hakikisha unayemuuliza haogopi kukujibu.

Leo ombi la bomba lenyewe linaletwa. Nilitaka kuliandika mimi, kwa mwandiko mzuri. Wakakataa, wakamtuma mama yule mwenyewe. Amesafiri baharini siku mbili, yupo pale mlangoni, na lugha yake ya Kinzwani mtaielewa mkitulia.

Karibu mbele, mama. Mimi nakaa.