Fundi wa Jenerali wa Mkono Mmoja

Wasomi wamejaa tele katika familia hii, lakini karatasi ya wasifu wa marehemu nimetupiwa mimi, dada yake, niliyeishia darasa la tatu. Basi atakayeona nakosea aje asome yeye.

Marehemu mdogo wangu, mliyezoea kumwita Fundi Kombo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa nne na msumbufu wa kwanza, akasoma hadi darasa la nane mwaka 1964, kisha akajifunza kuchonga, na kusubu shaba, yaani kuiyeyusha na kuimimina kwenye kalibu, katika karakana ya baba yetu mdogo. Alioa tarehe 2 Juni 1973, wakajaliwa watoto watatu, hao hapo mbele.

Mwaka 1984 alipewa kazi ya sanamu ya jenerali wa ng'ambo aliyepigana vita upande wetu, isimame katikati ya mji mkuu, na jenerali huyo alipoteza mkono wa kushoto vitani, ila fundi hakuwahi kumwona wala kuambiwa ni mkono upi, akaifuata picha aliyoletewa na msimamizi wa mradi, mstari kwa mstari. Siku ya uzinduzi, tarehe 9 Septemba 1985, kitambaa kilivutwa, wageni wakatazamana: mkono uliokosekana ni wa kulia! Msimamizi akasema, "Fundi wenu hajui kushoto na kulia," kazi zikakauka, watoto wakazomewa shuleni, naye miaka yote alijibu, "Nimechonga nilichopewa," asisikilizwe na mtu, hata mimi, nisiseme uongo mbele ya jeneza.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2016. Tarehe 11 Januari 2019, ofisi ya mradi ule ikihama, mfagizi alikuta kabatini barua ya ubalozi wa nchi ya jenerali, iliyoonya mapema kwamba picha imechapwa kinyume, kushoto kuwa kulia, na chini yake saini ya msimamizi ya kuipokea. Fundi alisomewa kitandani, akashusha pumzi, akasema, "Haya, nileteeni chai," kisha akalala usingizi ambao mkewe hakuwahi kuuona tangu uzinduzi ule. Alifariki tarehe 20 Aprili 2019, saa nne asubuhi, moyo mweupe.

Tunawashukuru madaktari, majirani, mafundi wenzake, na mfagizi yule kuliko wote.

Msimamizi naye, wiki mbili kabla ya msiba, aliamriwa na wakubwa wake kupanda ngazi mchana kweupe, bisibisi mkononi, akalifungua bamba lenye jina lake mwenyewe kwenye msingi mrefu chini ya sanamu, akawatazama watoto wa fundi na kusema, "Kosa lilikuwa langu."

Lala salama, mdogo wangu.